Paka Wangu Kabadilika: Majibu ya Barua Zenu

Barua za paka zimejaa mezani mwezi huu, na nyingi zinaanza kwa neno lilelile: kabadilika. Kaanza kukojoa kitandani, kaanza kung'ata, halali usiku. Wengi mnauliza mumtie adabu vipi. Tunajibu barua nane, na mara nyingi tutawaomba mkague mwili wa paka kabla ya kuhukumu tabia yake. Paka huwinda, lakini naye huwindwa na wakubwa wake, kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu. Mara nyingi kinachoonekana kuwa jeuri ndiyo dalili pekee ya ugonjwa utakayoipata.

Tumehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam miezi miwili iliyopita, mume wangu kahamishwa kikazi. Tunakaa Ilazo. Paka wetu ni dume wa miaka mitatu, alikuwa msafi kabisa. Tangu tufike anakojoa kitandani, tena upande wa mume wangu. Nimemkemea, nimemsugua pua kwenye mkojo, hasikii. Mume wangu anasema ni wivu. Beseni lake la mchanga liko nje, kwenye baraza. — Mama wa Ilazo

Dada, hilo la kumsugua pua liache leo. Paka haunganishi adhabu ya sasa na kosa la dakika kumi zilizopita. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na hofu humzidishia kukojoa ovyo.

Swali la kwanza, na ndilo la hatari: je, mkojo unatoka? Mwangalie siku nzima. Dume anayekwenda chooni mara kwa mara, anachuchumaa na kukakamuka, anatoa tone au hatoi kitu, analia au kujilamba sana sehemu za siri, mrija wake wa mkojo huenda umeziba. Mrija wa dume ni mwembamba kuliko wa jike, na ukiziba sumu hurudi kwenye damu na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, wakati mwingine mapema zaidi. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usijaribu kumkamua kibofu kwa mkono, kinaweza kupasuka.

Kama mkojo unatoka lakini kidogo kidogo, au una damu, bado anahitaji daktari, ila si mbio za usiku. Kwa paka wa chini ya miaka 10, mara nyingi vipimo havionyeshi vijidudu vyovyote. Kibofu kimevimba kwa msongo, na msongo mkubwa kwa paka ni kuhama. Ndiyo maana dawa za kuua vijidudu, ambazo watu hukimbilia kununua dukani, mara nyingi hazimsaidii kitu.

Sasa tazama mkojo wenyewe ulivyokaa. Ukikuta dimbwi kwenye godoro, amechuchumaa na kukojoa. Ukikuta michirizi ukutani au ubavuni mwa kabati, ametia alama: husimama, mkia juu unatetemeka, anarusha kidogo kwa nyuma. Anayetia alama anatangaza eneo, na kama hajahasiwa, ahasiwe. Madume tisa hivi kati ya kumi huacha au hupunguza sana baada ya hapo. Kwa maelezo yako, wako anachuchumaa.

Kwa nini kitandani, tena upande wa baba? Hapo ndipo harufu ya watu wake ilipo kali kuliko popote katika nyumba isiyonuka kitu anachokijua. Anachanganya harufu yake na yenu ili pawe kwao. Wivu haumo.

Tatizo jingine, dada, ni hilo beseni la barazani. Dodoma ya kiangazi ina upepo na vumbi, na paka wa jirani hupita hapo kila jioni. Paka anapojisaidia hawezi kukimbia, kwa hiyo hatakubali mahali anapoweza kuvamiwa. Lirudishe ndani, kwenye kona tulivu, mbali na chakula na mbali na mashine ya kufulia au pampu inayonguruma ghafla. Kanuni ya idadi ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, kwa hiyo paka mmoja ana mabeseni mawili, katika vyumba viwili tofauti. Urefu uwe kama mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia, yaani sentimita 60 hivi. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, ambalo wengi hulitumia, ni fupi kwa dume mzima. Hugeuka akagusa ukingo, akaamua kwenda kwingine. Tia mchanga laini wa mtoni uliochekechwa, kina cha sentimita 4 hadi 5, bila kokoto na bila manukato. Zoa uchafu mara mbili kwa siku, na mchanga wote ubadilishe kila wiki. Ukiwa mjamzito, kazi hiyo aifanye mwingine kila siku bila kulaza: vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kudhuru mimba, hutoka kwenye kinyesi na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza.

Kisha mwanzishie nyumba upya. Mfungie chumba kimoja kwa siku tano hadi saba, akiwa na beseni, maji, chakula, kiboksi cha kujificha na nguo mliyolalia bila kuifua. Chukua kitambaa safi cha pamba, mpapase mashavuni, halafu kipitishe kwenye miguu ya meza na pembe za ukuta kwa kimo cha sentimita 20 hivi. Mashavu ya paka hutoa harufu ya utulivu, na ni harufu yake mwenyewe. Akianza kula vizuri na kulala amejinyoosha, mfungulie chumba cha pili, kisha cha tatu. Nje asitoke kabla ya wiki tatu, na siku ya kwanza atoke akiwa na njaa, dakika chache kabla ya mlo, ili arudi ukimwita.

Godoro nalo lina kazi yake. Kausha kwa kubonyeza na matambara, usisugue. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga ya aina iliyotiwa vimeng'enya, gramu 100 kwa lita moja, suuza kwa maji baridi, anika juani mpaka likauke kabisa, kisha pitisha spiriti ya hospitali, nayo ikauke kabla hamjatandika. Usitumie jiki. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa mvuke unaoumiza mapafu; tena sabuni zenye harufu ya amonia humwambia paka kuwa hapo ni chooni.

Mwisho, mnyweshe. Paka anahitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Wa kilo 4 ni mililita 200. Dagaa wakavu hawana maji karibu yoyote, kwa hiyo waloweke, mwaga maji ya kwanza yenye chumvi, kisha wachemshe na umpe na mchuzi wake usiotiwa chumvi wala vitunguu, maana vitunguu huharibu damu ya paka. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvichumvi, mpe yale mnayokunywa wenyewe, kwenye bakuli pana na mbali na sahani ya chakula.

Paka wangu jike, miezi saba, analia usiku kucha kama mtoto. Anagaagaa sakafuni, anainua makalio, chakula hataki. Imechukua siku tano, ikaisha, sasa imerudi. Jirani kaniambia nimpe vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu. Nimpe? — Nkuhungu

Usimpe. Homoni hizo hufanya mji wa mimba ujae usaha na huleta uvimbe wa matiti, na paka wengi wameangamia kwa ushauri huohuo wa jirani mwema.

Paka wako haumwi. Yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Katika nchi zenye baridi kali, paka majike hupumzika miezi ambayo mchana ni mfupi. Dodoma mchana haupishani sana mwaka mzima, ni karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo mwili wake hauoni sababu ya kupumzika. Joto huchukua karibu wiki, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu, mwezi hadi mwezi. Akipandwa, mimba ni siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Kuna majike hushika mimba wakiwa na miezi minne tu.

Dawa ni upasuaji wa kuondoa kizazi. Umri wake unaruhusu, ila subiri joto lipoe, kwani wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu. Baada ya upasuaji mweke ndani siku 10 hadi 14, asirukeruke, na kidonda asikilambe. Kama daktari hana kola ya shingoni ya kumzuia kulamba, kata soksi pana au mkono wa fulana uwe kama kigauni, matundu manne ya miguu. Kagua kidonda asubuhi na jioni: wekundu kidogo ni kawaida, lakini ute, harufu au uvimbe unaoongezeka mrudishe. Na kama una dume katika nyumba hiyo na umemhasi, mtenge na majike wasioondolewa kizazi kwa wiki sita. Mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba.

Wanangu, nina paka mweusi hapa Mpwapwa. Usiku anakaa anakodolea kona ya dari, masikio yamesimama, meno yanagongana kama mwenye baridi. Hakuna kitu pale. Watu wanasema anaona majini, nimtupe. Nampenda paka wangu. — Bibi wa Mpwapwa

Shikamoo bibi. Usimtupe, anakufanyia kazi.

Sikio la binadamu likiwa zima husikia mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde. La paka hupita 60,000. Panya huitana kwa sauti kali ambazo sisi hatuzisikii kabisa, na popo vivyo hivyo. Anachokisikia paka wako kipo, kiko juu ya dari. Kule kugonganisha meno ni jambo ambalo paka hufanya akiona au akisikia windo asiloweza kulifikia. Utamwona akilifanya pia dirishani akitazama shomoro. Rangi yake ni ya kurithi tu, kama nywele.

Nyunyiza majivu membamba penye tundu la dari au juu ya ukuta jioni, uangalie asubuhi. Nyayo zitakuambia. Ukiona panya, bibi, tafadhali usiweke sumu. Panya aliyekula sumu huzubaa, paka humkamata kwa urahisi, na zile sumu zinazozuia damu kuganda humpata naye. Dalili huchelewa siku mbili hadi tano: fizi zinafifia rangi, anachoka, anavuja damu puani au kwenye kinyesi. Daktari ana vitamini K1 ya kuitibu akiwahi. Tumia mtego, na mtama na mahindi yaweke kwenye pipa lenye mfuniko.

Jambo moja tofauti: akianza kusukuma kichwa ukutani na kubaki hapo, au kutembea kwa mzunguko, hiyo ni dalili ya ubongo, apelekwe upesi.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo. Paka wangu wa dukani anameza nyuzi. Juzi nimeona uzi umetokeza nyuma, nikauvuta, ukakatika. Ni njaa? — Fundi

Kaka, usivute tena. Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea kooni. Uzi ukishika pale hautemeki, unakwenda ndani tu. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni, na utumbo ukiendelea kusukuma, utumbo wote hujikusanya kama kitambaa unapovuta uzi wa marinda. Wewe unajua uzi uliokazwa unavyokata kitambaa. Ndivyo unavyokata utumbo, na ukivuta nyuma unaumalizia. Mdomoni vilevile: ukiona uzi chini ya ulimi, uache ulivyo. Akitapika, akagoma kula, akajificha au tumbo likawa gumu, ni upasuaji, na kila saa ina thamani. Kwa kuwa uliuvuta ukakatika, mpeleke sasa, hata kama anakula. Kama sindano nayo haionekani, mwambie daktari mapema.

Kwa nini anameza? Mara nyingi uzi unaotambaa sakafuni huonekana kama mkia wa panya. Wengine walitolewa kwa mama yao kabla ya wiki nane na wanabaki wananyonya na kutafuna nguo maisha yote. Lishe duni nayo huchangia. Paka anayelishwa ugali na mchuzi hakosi kushiba, anakosa taurini, kirutubisho kilichomo hasa kwenye nyama na samaki, na bila hicho moyo na macho huharibika. Nyama au dagaa wawe sehemu kubwa ya sahani, ugali uwe kidogo. Nyuzi na sindano ziingie kwenye kopo lenye mfuniko kila unapoinuka, fagia chini ya cherehani kabla ya kufunga duka, na mtengenezee mpira wa kitambaa ulioshonwa, mkubwa kama yai, asioweza kuumeza.

Nina paka wawili, ndugu wa tumbo moja, miaka minne wanalala pamoja. Wiki iliyopita mmoja kalala kwa daktari usiku mmoja. Karudi, mwenzake anamfoka na kumrarua kama adui. Wamesahauliana? — Singida

Macho yanamtambua, pua inakataa. Paka hujuana kwa harufu ya pamoja wanayopakana kila siku wanaposuguana. Aliyelazwa karudi ananuka dawa, glovu, mbwa na wagonjwa wengine. Kwa mwenzake huyo ni mgeni aliyevaa sura ya ndugu.

Watenge sasa hivi, kila mmoja chumba chake, beseni lake, sahani yake. Usiwaache "wamalizane", pigano moja kubwa linaweza kuvunja undugu moja kwa moja. Asubuhi na jioni badilishana matandiko yao, na tumia kitambaa kimoja kuwapapasa wote wawili, kuanzia mkali kwenda kwa aliyelazwa. Walishe pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zikiwa mbali mita mbili, uzisogeze kidogo kila siku. Wakila mlangoni bila kufoka, acha ufa wa vidole viwili. Kisha waonane dakika tano, wakiwa na chakula kitamu, ukiwa hapo. Mmoja akikaza macho na mkia ukipiga, weka kipande cha boksi kati yao, rudi hatua moja nyuma. Kama ugomvi una siku chache, wiki moja hutosha mara nyingi. Wenye miezi huhitaji miezi. Siku nyingine ukimrudisha mmoja kutoka kwa daktari, mlaze chumba cha peke yake kwa saa 12 hadi 24, juu ya tandiko la wote wawili, kabla hawajaonana.

Paka wetu anakuja mwenyewe kwa mwanangu wa miaka sita, anataka kupapaswa, ananguruma kwa raha, halafu ghafla anamng'ata mkono. Je, ni mnafiki? — Mama, Kisasa

Mama, kabla ya meno alishasema mara nne au tano, kwa lugha ambayo mtoto hajafundishwa. Ngozi ya mgongo ilitetemeka. Ncha ya mkia ilianza kupiga. Masikio yaligeuka pembeni, mwili ukakakamaa, akageuza kichwa kuutazama mkono. Mapapaso yakirudiwa mahali pamoja huacha kuwa raha yakawa kero, kama mtu anayekukuna pale pale muda mrefu. Na kunguruma hakumaanishi raha daima. Paka hunguruma hata akiwa na maumivu.

Mfundishe mtoto mchezo wa "tatu na kusubiri". Anyooshe kidole, paka anuse kwanza. Asiponusa, hataki leo. Akisogeza shavu, mtoto ampapase mara tatu, mashavuni au chini ya kidevu, kisha aondoe mkono. Paka akisukuma kichwa tena, tatu nyingine. Tumbo, mkia na shina la mkia viachwe. Asimshike wala kumbeba. Na hapo nyumbani pasiwe na mtu anayecheza naye kwa vidole. Aliyezoea kuwinda mkono akiwa mdogo hataelewa kwa nini leo ni kosa. Tumia kijiti chenye kitambaa mwishoni. Kama tabia hii ni mpya kwa paka mtu mzima, daktari amkague meno, viungo na ngozi. Maumivu yoyote usiyatibu kwa dawa zako mwenyewe: Panadol ni sumu kwa paka, nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua. Dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe nazo zisimguse, kwani ini la paka haliwezi kuvunja kemikali nyingi ambazo ng'ombe na mbwa huzimudu.

Meno ya paka ni membamba na huingiza vijidudu ndani kabisa, kidonda kikaonekana kidogo wakati ndani kinavimba. Kila mtoto anapong'atwa na kutoka damu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka mafuta wala pilipili, kisha mpeleke hospitali siku hiyo, kwa sababu ya kidonda na kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humpata paka pia. Paka mpole aliyekuwa mkali ghafla bila kuchokozwa, sauti imebadilika, anadondosha mate, anashindwa kumeza au miguu inalegea, msimshike. Fungeni mlango mumwite afisa mifugo. Paka mzima aliyemuuma mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, lakini mtu aliyeumwa hasubiri siku hizo ndipo aanze chanjo. Wa kwako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama hajachanjwa, anzia hapo wiki hii.

Paka ananiamsha saa kumi alfajiri kila siku, anakanyaga uso. Nikimpa chakula analala. Nifanyeje? — Chamwino

Umeshamfundisha kuwa saa kumi ni saa ya chakula. Paka ameumbwa kuwinda alfajiri na magharibi, kwa hiyo ataamka tu. Kinachoweza kubadilika ni faida anayoipata kwako. Jioni kabla ya kulala cheza naye dakika 10 hadi 15 kwa kamba yenye kitambaa, mwache akamate mwishoni, kisha mpe mlo mkubwa wa siku. Atakula, atajisafisha, atalala. Alfajiri usiinuke, usiongee, usimsukume. Kwa siku kadhaa atazidisha kelele kuliko mwanzo. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Ukikubali siku ya tano umemfundisha kuwa avumilie siku tano. Chakula cha asubuhi kitoke nusu saa baada ya wewe kuamka. Uzee ni jambo jingine: paka wa miaka kumi na zaidi aliyeanza kulia usiku, anakonda huku anakula sana au anakunywa sana, apimwe figo, tezi ya shingo na shinikizo la damu.

Makochi mapya, wiki mbili tu, pembe zote nyuzi nje. Nasikia kuna upasuaji wa kung'oa makucha. — Mtumishi, Mtumba

Upasuaji huo hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, sawa na kukukata wewe vidole kwenye kifundo cha juu. Usiufanye. Paka hukwangua ili kuvua ganda la zamani la ukucha, kunyoosha mgongo na kuacha harufu ya nyayo zake. Mpe mahali pazuri kuliko kochi.

Tafuta gogo lililonyooka la kipenyo cha sentimita 10, urefu sentimita 80, ili ajinyooshe wima. Kitako kiwe ubao wa sentimita 45 kwa 45, unene usiopungua sentimita 2. Likaze kutoka chini kwa skrubu nne za inchi tatu. Nguzo ikiyumba mara moja tu, paka hairudii, na hilo ndilo kosa la nguzo nyingi za kununua. Zungushia kamba ya katani ya milimita 10, kuanzia chini, kwa gundi ya mbao, na kila mizunguko mitano igonge kwa nyundo ibanane. Kwa sentimita 70 za kuzungusha utahitaji mita 24 na kitu, nunua 25. Acha gundi ikauke siku mbili, harufu iishe.

Isimamishe palepale kwenye pembe ya kochi iliyoharibiwa zaidi, si stoo. Pembe zenyewe zifunike kwa nailoni ngumu kwa wiki tatu. Akishaizoea, isogeze sentimita 5 hadi 10 kwa siku mpaka unapotaka. Kila wiki mbili au tatu kata ncha ya ukucha, milimita 2 tu, ile sehemu angavu. Ya waridi ndani ina damu na mshipa wa fahamu. Ukiikata kwa bahati mbaya, bonyeza ncha kwenye unga wa ngano mkavu kwa dakika mbili au tatu, na makucha yaliyobaki yaache mpaka kesho.